Bima ya afya Marekani: Walishindwa kuifuta, sasa wanaimega

KATI ya wasomaji wa toleo hili, wengi wana ndugu Marekani. Wapo Warundi wa mwaka 1972 waliochukuliwa kutoka kambi za Tanzania kuanzia 2007, na wapo Wakongo, ambao kwa miaka kadhaa walikuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi waliopokewa nchini humo. Hela ya mtaji wa mchele au vitenge inayovuka Kabanga, Rusumo au Ruzizi mara nyingine ilianza safari yake kwenye mshahara wa kiwanda cha nyama huko Iowa au ghala la mizigo huko Kentucky. Kwa hiyo sheria ya bima ya afya ya Marekani si habari ya ugenini kwetu. Ndugu akiugua bila bima, deni la hospitali linakula kwanza, na sisi wa huku tunasubiri.

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Donald Trump alitia saini sheria kubwa ya kodi na matumizi. Ndani yake kimo kifungu kinachosema kwamba kuanzia 1 Oktoba 2026, mkimbizi na aliyepewa hifadhi hatakuwa tena na haki ya Medicaid, ile bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, mpaka awe amepata ukaazi wa kudumu. Wengi wameshangaa. Je, si tulisikia mwaka 2017 kwamba mpango wa kuifumua bima hiyo uligonga mwamba?

Ni kweli uligonga mwamba, tena kwa kura moja. Lakini yaliyofuata baada ya kura ile ndiyo yanayoeleza kwa nini mambo yamefika hapa, na ndiyo sababu tunayarudia leo.

Sheria yenyewe, ambayo watu huiita Obamacare, ilisainiwa na Rais Barack Obama tarehe 23 Machi 2010. Hakuna mbunge hata mmoja wa chama cha Republican aliyeipigia kura ya ndiyo ilipopitishwa. Ilizikataza kampuni za bima kumkataa mtu kwa sababu tayari anaumwa kisukari au saratani. Iliruhusu kijana kubaki kwenye bima ya wazazi hadi afikishe miaka 26. Iliwapa ruzuku wanaojinunulia bima wenyewe, ikamtoza faini mwenye uwezo asiyenunua, na ikapanua Medicaid kwa watu wazima maskini. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kila jimbo lijiamulie lenyewe kupanua au kutopanua. Texas ilikataa, Iowa na Kentucky zikakubali. Ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja, wenye mshahara uleule, mmoja anaweza kutibiwa Louisville bila wasiwasi na mwingine akaogopa hata kukaribia mlango wa hospitali Houston.

Kati ya 2010 na 2016 idadi ya Wamarekani wasio na bima ilishuka kwa takribani watu milioni 20. Hata hivyo sheria haikukosa dosari. Fundi au mwenye duka ambaye kipato chake kilizidi kidogo kile cha kupata ruzuku alibeba mzigo mzito. Ada za bima kwenye masoko ya serikali kuu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka 2017, na katika baadhi ya wilaya ilibaki kampuni moja tu ya kuuza bima. Watu hao walikuwa na haki ya kulalamika. Waliosema Obamacare inahitaji marekebisho hawakuwa wakisema uongo.

Tatizo ni kwamba Republican hawakuahidi marekebisho. Waliahidi kuifuta, tangu wino wa saini haujakauka. Katika Baraza la Wawakilishi walipiga kura za kuifuta yote au sehemu zake zaidi ya mara 50, wakijua wazi kwamba zitaishia njiani. Januari 2016 muswada mmoja ulifika hadi mezani kwa Obama, naye akaukataa. Hakuna aliyeumia. Kura ya kufuta wakati huo ilikuwa kura ya bure: unaipiga asubuhi, jioni unawaambia wapiga kura wako umepigana, na mgonjwa wa jimboni kwako anaendelea kupata dawa kama kawaida.

Januari 2017 mambo yakageuka. Chama hicho kikawa na Rais, Baraza la Wawakilishi, na wajumbe 52 kati ya 100 wa Seneti. Hapo ndipo ilipobainika kwamba kwa miaka saba hawakuwa wameandika sheria mbadala wanayokubaliana wao kwa wao. Machi 24 Spika Paul Ryan aliuondoa muswada wake bila kuupigia kura kwa sababu hesabu haikutimia. Mei 4 wakaurudisha na ukapita kwa kura 217 dhidi ya 213, kabla Ofisi ya Bajeti ya Kongresi haijamaliza kupiga hesabu zake. Wabunge wakapanda mabasi kwenda Ikulu kusherehekea bustanini. Wiki tatu baadaye hesabu zikatoka: watu milioni 23 zaidi wangekosa bima ifikapo 2026. Sherehe ilikuwa imetangulia hesabu. Mfanyabiashara yeyote wa mpakani angewaambia kwamba hiyo ndiyo njia ya kufilisika.

Seneti nako kukawa na danadana. Juni 22 watu wenye ulemavu, baadhi wakiwa kwenye viti vya magurudumu, walilala sakafuni nje ya ofisi ya kiongozi wa Republican, Mitch McConnell. Polisi walikamata 43 na kuwatoa mmoja mmoja. Picha zile zilizunguka nchi nzima, na tunadhani ziliwabadilisha watu mawazo kuliko hotuba zote za wiki ile.

Julai 25 Seneti ilikubali kuanza mjadala kwa kura 51 dhidi ya 50, Makamu wa Rais Mike Pence akivunja sare. Siku hiyo hiyo mswada wa kufuta na kuweka mbadala ulianguka, 43 kwa 57. Kesho yake wa kufuta tu, mbadala uje baadaye, ukaanguka 45 kwa 55. Kikabaki kimuswada cha kurasa nane hivi, kilichotolewa usiku, saa chache tu kabla ya kupigiwa kura. Kingeondoa faini na mambo mengine machache. Ofisi ya Bajeti ilikadiria kwamba hicho nacho kingewaacha watu wapatao milioni 16 zaidi bila bima katika miaka kumi na kupandisha ada kwa asilimia 20.

Jambo la aibu zaidi lilitokea saa chache kabla ya kura. Maseneta kadhaa wa Republican, akiwemo Lindsey Graham na John McCain, waliitisha mkutano na waandishi wa habari kutaka Spika Ryan awahakikishie kwamba wakiupitisha muswada ule, Baraza la Wawakilishi halitaupitisha ulivyo. Msomaji asidhani tumekosea kuandika. Waheshimiwa walikuwa wakiomba dhamana kwamba sheria wanayokwenda kuipigia kura haitakuwa sheria. Ryan akatoa maneno ya kuwatuliza. Graham aliridhika. McCain hakuridhika.

Usiku wa kuamkia Julai 28, yapata saa saba na nusu, McCain, ambaye siku tisa kabla ilitangazwa kwamba ana saratani ya ubongo, aliingia ukumbini, akanyoosha mkono mbele ya makarani na kushusha kidole gumba. Kura 49 za ndiyo, 51 za hapana.

Dunia inakumbuka kidole kile. Kwa mtazamo wetu sifa kubwa zaidi iliwastahili Susan Collins wa Maine na Lisa Murkowski wa Alaska, ambao walikataa hata mjadala usianze, wakati McCain aliukubali. Murkowski alibanwa hasa. Gazeti la jimboni kwake liliripoti kwamba Waziri wa Mambo ya Ndani, anayesimamia ardhi na rasilimali za serikali kuu, alipiga simu kuashiria kwamba msimamo wake ungeigharimu miradi ya Alaska. Hakutetereka. Wakati ule.

Kwa nini chama chenye kila kitu kilishindwa? Wapo wanaosema ni kisasi cha McCain dhidi ya Trump, aliyewahi kumdhihaki kwa kutekwa vitani. Hatuoni kama hilo linatosha. Aliyerudi kutoka Mtabila kambi ilipofungwa mwishoni mwa 2012 analijua jibu bila kufundishwa. Kambini zahanati ilikuwa ya bure. Ukishazoea mtoto kutibiwa, siku unapoambiwa huduma hiyo haipo tena si sawa na mtu ambaye hajawahi kuipata. Mwaka 2010 Obamacare ilikuwa mabishano ya wanasiasa. Kufikia 2017 ilikuwa insulini ya mtu fulani, ambaye ana jina, ana jirani, na anapiga kura. Hata daraja la Rusumo, lile jembamba la zamani liliendelea kupitisha malori mpaka jipya lilipokamilika mwaka 2014. Republican walitaka kulibomoa la zamani wakati hata mchoro wa jipya walikuwa wanaugombania.

Malipo ya kisiasa yalianza siku ile ile. Jioni ya Julai 28 Trump alitangaza kumwondoa mkuu wa watumishi wa Ikulu, Reince Priebus, mtu aliyekuwa kiungo chake na vigogo wa chama, na nafasi yake ikachukuliwa na Jenerali John Kelly. Agosti nzima Rais na McConnell walirushiana maneno hadharani. Septemba jaribio jingine, la Graham na Bill Cassidy, lilikufa kabla ya kupigiwa kura, na siku chache baadaye Waziri wa Afya Tom Price, aliyekuwa mmoja wa wapishi wakuu wa mpango wa kufuta, akajiuzulu kwa kashfa ya kukodi ndege kwa fedha za umma. Novemba wananchi wa Maine walipiga kura ya moja kwa moja kupanua Medicaid, baada ya gavana wao wa Republican kuikataa mara kadhaa.

Lakini hukumu yenyewe ilitolewa tarehe 6 Novemba 2018. Katika uchaguzi ule Democrat walipata viti 40 zaidi na kulitwaa Baraza la Wawakilishi. Wapiga kura waliohojiwa wakitoka vituoni walitaja afya kuwa jambo kubwa kuliko yote, wapatao wanne katika kila kumi. Tom MacArthur wa New Jersey, ambaye marekebisho yake ndiyo yaliyoufufua muswada ule wa Mei, alipoteza kiti kwa Andy Kim. Dean Heller wa Nevada, aliyepinga mpango huo kiangazi na kisha kuupigia kura ya ndiyo usiku wa mwisho, akaanguka pia. Kigeugeu hakikumpa marafiki upande wowote. Paul Ryan hakugombea. Na katika Idaho, Nebraska na Utah, majimbo yanayompigia kura Trump bila kusita, wananchi siku ile ile waliamua Medicaid ipanuliwe. Mtu alichagua Republican kwenye karatasi moja na Medicaid kwenye nyingine, na hakuona kasoro yoyote.

Kama hadithi ingeishia hapo tusingeiandika. Wapinzani wa sheria ile walijifunza somo, ila si lile ambalo wengi walidhani. Hawakuacha kuitaka ivunjwe. Waliacha kutaja neno kufuta.

Dalili ya kwanza ilikuja mapema. Desemba 2, 2017, miezi minne baada ya kidole gumba, Seneti ilipitisha muswada wa kupunguza kodi. Katikati ya vifungu vya kodi kilichomekwa kimoja kilichoishusha faini ya kukosa bima hadi sifuri. Hicho ndicho kilichokuwa moyo wa kimuswada cha Julai. McCain, Collins na Murkowski, wote watatu walipiga kura ya ndiyo. Murkowski alipata alichokitaka kwa muda mrefu, ruhusa ya kuchimba mafuta katika hifadhi ya Aktiki jimboni kwake. Kisha majimbo yakiongozwa na Texas yakakimbilia mahakamani kudai kwamba kwa kuwa faini sasa ni sifuri, sheria nzima ni batili. Kesi hiyo ilichukua miaka mitatu kabla ya Mahakama ya Juu kuitupa, kura 7 kwa 2, tarehe 17 Juni 2021.

Mwaka 2025 njia ikawa ile ile ya bajeti, kwa upana zaidi. Sheria ya Julai 4 haikuandikwa kwamba Obamacare imefutwa. Iliandikwa masharti: watu wazima walioingia Medicaid kwa upanuzi ule wathibitishe saa 80 za kazi, masomo au huduma kwa jamii kila mwezi, uhakiki ufanywe mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja, na wahamiaji wengi walioko kisheria waondolewe. Ofisi ya Bajeti ilikadiria watu wapatao milioni 10 zaidi wangekosa bima ifikapo 2034. Ni pungufu ya wale milioni 16 wa kimuswada cha 2017, lakini safari hii hakuna aliyelala sakafuni akatikisa nchi. Kura Seneti zilikuwa 50 kwa 50 na Makamu wa Rais JD Vance akavunja sare. Collins alikataa. Murkowski, baada ya Alaska kupewa unafuu wake wa pekee, alikubali. Angekataa, muswada ungeanguka kama ule wa 2017.

Ruzuku za ziada zilizoongezwa mwaka 2021, zilizowasaidia wanunuzi wa bima kufikia milioni 24, hazikuhitaji hata kura. Ziliandikwa zikiwa na tarehe ya mwisho, nayo ikafika, 31 Desemba 2025. Democrat walizigombania hadi serikali ikafungwa siku 43, Oktoba na Novemba, wakatoka mikono mitupu. Kwa hilo nao hawana wa kumlaumu zaidi ya wao wenyewe: walipokuwa na wingi wa kura waliandika fadhila yenye muda, wakitumaini hakuna atakayethubutu kuiacha ife.

Turudi kwa ndugu zetu. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja. Msaada wa matibabu wa miezi ya mwanzo kwa wasiostahili Medicaid ulipunguzwa Mei 2025 kutoka miezi 12 hadi minne. Kati ya mwezi wa nne na siku kadi ya ukaazi itakapotoka kuna pengo, na pengo hilo halitegemei bidii ya mtu bali kasi ya ofisi. Novemba 2025 idara ya uhamiaji ya Marekani ilitoa waraka wa kusimamisha maombi ya ukaazi ya wakimbizi walioingia tangu Januari 2021. Yaani sheria moja inamwambia mtu alete kadi ndipo atibiwe, na waraka mwingine unafunga dirisha la kutolea kadi. Hatuamini kwamba walioandika hayo mawili hawakujua yanakutana wapi.

Mwenye ndugu huko amwulize mambo ya kawaida tu. Ameshaomba ukaazi, na anayo stakabadhi ya maombi? Anuani aliyoiacha ofisi ya Medicaid ni ile anayoishi sasa? Maana barua ya uhakiki ikipotea, bima inakatwa hata kwa anayestahili. Anakijua kituo cha afya cha jamii kilicho karibu, vile vinavyopata fedha za serikali kuu na kutoza kulingana na kipato? Hospitali zenye huduma ya dharura zinalazimika kumpokea mgonjwa mahututi awe na bima au asiwe nayo. Hiyo ni sheria ya tangu 1986 na haikuguswa. Ila bili hufuata baadaye, na bili hiyo ndiyo inayofika mpaka huku kwetu kwa namna ya simu isiyopokewa.

Tarehe nazo zitazamwe. Masharti ya saa 80 za kazi, yanayowagusa raia mamilioni, yalipangiwa kuanza kufikia 1 Januari 2027. Uchaguzi wa Kongresi ulipangwa 3 Novemba 2026, kwa hiyo mwananchi aliwekwa apige kura kabla hajaonja. Kifungu cha wakimbizi kilipangiwa Oktoba 1, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Watetezi wake watasema ndio mwanzo wa mwaka wa fedha wa serikali, na ni kweli. Ni kweli pia kwamba mkimbizi hapigi kura.